Kabla injini ifunguliwe, mwite fundi wa pili

Kuna sentensi moja ambayo wenye magari wengi hapa Kitengela wanaijua: "Boss, hii injini imekufa." Fundi anaisema akijipangusa oili mikononi, hakuangalii usoni, halafu anataja bei. Elfu themanini. Elfu mia moja na ishirini. Na kabla hujapumua anaongeza, "Tuma dipoziti nianze kufungua leo, kesho jioni unaendesha."

Hiyo si pesa ya mchezo. Kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Na gari lenyewe si la kujionyesha. Ndilo linakupeleka kazini Nairobi kupitia Athi River na Mlolongo, ndilo unalofanyia teksi ya mtandaoni wikendi, ndilo linabeba trei za mayai za biashara ya mamako. Ukiambiwa limekufa, unashikwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutuma pesa kabla ya kuuliza swali. Wengine hukimbilia mkopo wa logibuku, na hapo unaweza kupoteza hilo gari lenyewe kwa sababu ya kutaka kulitengeneza.

Mimi msimamo wangu ni huu: bei kubwa ya kutengeneza gari isilipwe kwa neno la mtu mmoja. Tafuta fundi wa pili. Mlipe kwa kuangalia tu. Na umwite kabla injini haijafunguliwa. Hayo mambo matatu yanaenda pamoja, na wengi wetu tukijaribu sana tunafanya moja tu, kisha tunalalamika kwamba mafundi wote ni wezi.

Kuuliza si matusi

Kwanza tutoe hii aibu njiani. Vijana wengi wanaona kutafuta fundi wa pili ni kama usaliti. "Huyu ni fundi wangu, ananijua, akisikia nimeita mwingine itakuwa noma." Lakini daktari akikwambia unahitaji upasuaji, si utaenda hospitali nyingine ukaangaliwe tena? Na hakuna anayesema umemtusi daktari. Mbona fundi ndiye awe nabii?

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu anayekwambia ugonjwa wa gari ndiye huyo huyo atakayekuuzia dawa. Hata awe mwaminifu kiasi gani, ngozi itavutwa upande wake kidogo. Na mara nyingi tatizo hata si wizi. Fundi ameona magari kumi ya aina yako yakichemka kwa sababu ya gasketi ya hedi, kwa hivyo la kumi na moja likija linachemka, jibu analo tayari. Anakisia kwa uzoefu. Uzoefu ni kitu kizuri, lakini elfu themanini za kwako zinahitaji kitu zaidi ya kukisia.

Kwa hivyo swali la kwanza si "utanipunguzia ngapi?" Sisi huharakisha kwa bei, tunaanza kubishana kuhusu elfu tano, na tayari tumekubali kwamba injini imekufa. Swali la kwanza ni neno moja: "Umejuaje?" Fundi aliyepima ana jibu. Atakuonyesha. Fundi aliyekisia ataanza kukueleza ana miaka mingapi kwa hii kazi.

Mashine haitaji spea

Siku hizi mafundi wengi wana kile kimashine cha kuchomeka chini ya usukani. Taa ya injini ikiwaka kwa dashibodi, anachomeka, msimbo unatokea kwa skrini, na hapo watu huamini kama wamesoma matokeo ya maabara. "Umeona? Hata kompyuta imesema."

Kompyuta imesema nini, hasa? Chukua msimbo P0301. Maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Basi. Haijasema koili imeungua. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta, waya uliolegea, au kweli injini imechoka na haina nguvu ya kubana hewa. Kati ya plagi na injini mzima kuna tofauti ya pesa ya kununua shamba dogo huko Kisaju, natania, lakini umenielewa.

Na kuna njia rahisi ya kuanza kujua. Fundi anatoa koili ya silinda ya kwanza, anaibadilisha na ile ya silinda ya pili, anafuta msimbo, mnaendesha kidogo. Msimbo ukirudi kama P0302, yaani shida imehamia silinda ya pili pamoja na koili, basi koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, koili haina makosa, tafuta kwingine. Kwa magari mengi madogo hiyo ni kazi ya dakika chache na haihitaji spea yoyote. Kama fundi wako hajafanya hivyo na tayari anataka ununue koili nne, kuna hatua ameruka.

Au P0171, unaosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa pampu ya mafuta, ambayo ni gharama. Inaweza pia kuwa mpira wa hewa uliopasuka, au sensa ya hewa iliyojaa uchafu. Na wewe unajua vumbi la barabara zetu za mtaani, ukitoka tu lami ya Namanga Road.

Gari kuchemka ndiyo mfano mkubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo neno "gasketi" huingia haraka. Gari linaweza kuchemka kwa sababu kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Kwa sababu termostati imekwama. Kwa sababu feni haizunguki. Kwa sababu kuna mpira unavuja au pampu ya maji imeisha. Halafu ndiyo, inaweza kuwa gasketi ya hedi. Lakini gasketi hupimwa. Kuna geji ya kupima nguvu ya kila silinda. Kuna pampu ndogo ya kuweka presha kwa rejeta uone kama inashuka na maji yanaenda wapi. Kuna dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, na ikikutana na gesi ya injini inageuka rangi kuwa manjano. Kukuonyesha uji mweupe chini ya kifuniko cha oili na kusema "umeona, maji yameingia" haitoshi, kwa sababu gari la safari fupi fupi za asubuhi na baridi linaweza kuwa na uji kama huo bila gasketi kuwa na shida yoyote.

Wawili kwa ploti moja

Jamaa mmoja tunayekaa naye ploti moja ni dereva wa teksi ya mtandaoni. Gari lake lilianza kuchemka kwa jam, barabara ikiwa wazi liko sawa. Gereji moja ikamwambia gasketi ya hedi, elfu themanini na tano. Alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo. Akaelekezwa kwa fundi mmoja wa Kajiado mjini, akamlipia nauli na pesa ya kuangalia, fundi akaja Jumamosi asubuhi na mkoba wake. Akaacha injini ipoe, akajaza maji, akaiwasha, akasubiri. Joto likapanda, feni ikabaki imelala. Rilei ya feni ilikuwa imeungua. Lakini hakuishia hapo, akapima presha ya rejeta na gesi pia, kuhakikisha kule kuchemka hakukuwa kumeharibu hedi tayari. Hedi ilikuwa sawa. Rilei, nauli, uchunguzi, vyote pamoja havikufika elfu saba.

Usikimbie na hiyo stori ukidhani fundi wa pili huja na habari njema kila wakati. Jirani mwingine, dada mwenye Nissan Note, aliambiwa giaboksi imeisha. Akaita fundi wa pili, huyu akamwaga oili kidogo, wakaona vipande vya chuma ndani yake. Jibu likawa lile lile: giaboksi imeisha. Kuna mtu atasema alipoteza pesa ya uchunguzi. Mimi naona hapana. Alilipa akijua analipia nini, alikuwa na bei mbili za kulinganisha, na akaambiwa kitu ambacho wa kwanza hakumtajia: giaboksi za aina hiyo zina oili yake maalum, na ukiweka oili ya kawaida ya otomatiki unaiua hata hiyo utakayonunua. "Ndiyo" ya pili pia ina thamani yake.

Usimwambie wa kwanza alisema nini

Sasa hapa ndipo watu huharibu. Unamwita fundi wa pili, na kitu cha kwanza unamwambia ni, "Fundi wangu amesema ni gasketi." Umeshamaliza kazi. Sasa atafanya moja kati ya mambo mawili: akubali kwa sababu ni rahisi, au amponde mwenzake ili apate kazi. Hakuna linalokusaidia.

Mpe dalili, usimpe jibu. Gari linachemka saa ngapi, kwa jam au kwa barabara wazi? Baada ya kilomita ngapi? Taa gani iliwaka, ya manjano au nyekundu? Moshi ni wa rangi gani na unatoka ukiwasha tu au muda wote? Kama kuna mlio, uurekodi kwa simu asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu magari yana tabia ya kunyamaza yakifika gereji.

Na usimtafute huyo wa pili kwa yadi ile ile. Mafundi wa yadi moja wanaazimana spana, wananunua spea kwa duka moja, wanakula chakula cha mchana kwa kibanda kimoja. Ukimwuliza jirani ampinge jirani yake mbele yako, unamwonea. Toka hapo. Nenda Isinya, nenda Kajiado mjini, ambako ni karibu kilomita 50 tu kutoka hapa, au utafute Nairobi mtu anayejua aina ya gari lako. AA Kenya pia hukagua magari, na ripoti yao ni ya karatasi unayoweza kushika mkononi.

Lakini tuelewane: gari linalochemka, lenye taa nyekundu ya oili, au lenye breki zinazoshuka hadi chini, usiliendeshe hadi Kajiado ati unatafuta maoni ya pili. Utafika na injini iliyokufa kweli, au usifike kabisa. Hapo mpeleke fundi kwa gari, usipeleke gari kwa fundi. Nauli ya matatu ya mtu mmoja ni rahisi kuliko gari la kuvuta.

Lipa macho yake

Hii itawauma wengine. Sisi wateja hatutaki kulipa fundi kwa kuangalia. "Ati kuangalia tu unalipisha? Kwani umefanya nini?" Sasa jiulize huyo mtu anakula nini. Kama saa mbili alizotumia kutafuta ugonjwa hazilipwi, itabidi azilipe kwa spea atakayokuuzia. Tumewafunza wenyewe kwamba ukweli hauna bei lakini spea ina bei, halafu tunashangaa kila ugonjwa unahitaji spea.

Kubaliana naye mapema, kwa maneno wazi: "Nakulipa kuangalia na kupima. Kazi yenyewe si lazima nikupe wewe." Mtu ambaye ameshalipwa hana sababu kubwa ya kukutisha. Tuseme umeambiwa 90,000 na huyu wa pili anataka 3,000. Hiyo ni sehemu moja ya thelathini. Kama huwezi kutoa 3,000 kujua ukweli, utatoaje 90,000 bila kuujua?

Na fundi wa pili naye mchunge. Kuna wale watakwambia, "Ah, hiyo ni kitu ndogo, leta," ili wanyakue kazi, halafu gari likishakuwa kwake bei inapanda kila asubuhi. Muulize swali lile lile: umejuaje? Bei ya chini isiyo na kipimo ni sawa tu na bei ya juu isiyo na kipimo.

Kwa nini kabla, si baadaye

Injini ikifunguliwa, aliyefungwa ni wewe. Hedi iko juu ya gunia, bolti ziko kwa mkebe wa rangi, gari haliwezi kusonga hata mita moja. Hapo fundi akikwambia "tumepata ingine mbaya zaidi", utafanya nini? Utaenda wapi nalo? Na hata ukimwita fundi wa pili wakati huo, ushahidi mwingi umeshapotea. Hawezi kupima nguvu ya silinda kwa injini isiyo na hedi. Hawezi kusikia mlio. Anabaki kuangalia vipande na kuamini alichoambiwa.

Ni kweli kuna magonjwa ambayo hayajulikani hadi kufungua. Sawa. Basi kubalianeni kwa maandishi bei ya kufungua peke yake, na nini kitafanyika ukiamua kutoendelea. "Nifungue kwanza nione" bila hayo ni hundi tupu umetia sahihi.

Sheria iko upande wako

Kitu ambacho vijana wengi hawajui ni kwamba hii si adabu tu, ni haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo ina sehemu nzima kuhusu kutengeneza magari. Inataka fundi akupe makadirio kabla ya kukutoza, na akishakupa asipitishe zaidi ya asilimia 10. Kazi usiyoidhinisha hapaswi kukutoza. Anatakiwa akurudishie spea za zamani alizotoa, isipokuwa umesema huzitaki. Na spea mpya aliyoweka, pamoja na kazi ya kuiweka, ina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia.

Najua utasema hizo ni hadithi za Nairobi, jua kali haina makadirio. Ndiyo maana unahitaji ujumbe wa WhatsApp. Mwombe aandike: gari, shida, alichopima, spea moja moja na bei, pesa ya leba. Hiyo tayari ni karatasi. Mambo yakienda vibaya, kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Bila maandishi utaenda kusema nini huko? "Aliniambia"?

Dada zetu, hii inawahusu zaidi. Wengi wenu mnajua ile bei inayopanda mkifika gereji peke yenu, na ushauri mnaopewa ni "tuma ndugu yako". Ndugu yako huenda hata hajui plagi ni nini, ana sauti nzito tu. Ripoti iliyoandikwa na fundi wa pili inafanya kazi kuliko sauti nzito.

Utamwambiaje fundi wako?

Hivi: "Fundi, nimekuelewa, asante. Bei ni kubwa, nipe siku mbili nijipange. Nitumie ulichoona na bei ya kila kitu. Na hii ni ya muda wako." Halafu umtumie kitu kwa M-Pesa, kwa sababu naye ametumia saa zake chini ya gari lako. Fundi mzuri hatakasirika. Anajua kazi yake itasimama ikikaguliwa. Yule anayekasirika, anayekwambia bei ni ya leo pekee, anayeficha funguo, huyo amekupa jibu bila wewe kumlipa.

Na ikitokea fundi wa pili, ambaye hakuambiwa lolote, amefika mahali pale pale alipofika wa kwanza, rudi kwa huyo wa kwanza umpe kazi. Usimzungushe tena kwa bei. Mpelekee wateja, taja jina lake kwa grupu ya mtaa. Mafundi wa aina hiyo wako hapa Kitengela, wako Kajiado, na wanakosa kazi kila siku kwa sababu sisi tunamkimbilia anayeongea haraka na kufungua haraka.